John Walter Gregory: Karani wa London aliyezisoma nyufa za Bonde la Ufa

Katika machimbo ya mawe ya Njiru, mashariki mwa jiji la Nairobi, mchongaji hodari hapigi nyundo ovyo. Kwanza huutazama mwamba, akatafuta mstari ambao maumbile yenyewe yameuchora, kisha akaweka tindo papo hapo. Jiwe hupasuka kwa sababu tayari lilikuwa na ufa.

Mawe hayo ndiyo yaliyojenga kuta nyingi za mitaa ya Eastlands. Asili yake ni volkeno zilizolipuka mamilioni ya miaka iliyopita kandokando ya Bonde la Ufa, zikamwaga uji wa moto uliotiririka kuelekea mashariki na kupoa pale ambapo leo kuna nyumba, shule na masoko. Katika ramani za wanajiolojia, mmoja wa miamba hiyo hata umepewa jina la Embakasi.

Mtu aliyefanya nyufa za nchi hii kuwa somo la vyuo vikuu duniani, na ambaye maandishi yake yalilieneza jina la Bonde la Ufa, hakuzaliwa katika nyumba ya wasomi. Alikuwa John Walter Gregory, karani wa biashara ya sufu kutoka upande wa mashariki wa jiji la London.

Gregory alizaliwa Januari 27, 1864 katika mtaa wa Bow. Mashariki ya London wakati huo ilikuwa makao ya wafanyakazi wa viwandani na bandarini, mahali ambapo wenye nacho walipita bila kusimama. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufu. Kijana huyo alisoma katika shule ya Stepney, na alipotimiza umri wa miaka 15 aliacha masomo na kuajiriwa kuwa karani katika minada ya sufu.

Kwa vijana wengi wa tabaka lake, hapo ndipo elimu ilipofikia kikomo. Gregory hakukubali. Mchana alifanya kazi ya ukarani, na jioni alihudhuria masomo katika taasisi ya Birkbeck, iliyoanzishwa ili kuwapa elimu watu waliokuwa na ajira. Mnamo 1886 alifaulu mtihani wa kujiunga na Chuo Kikuu cha London, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika jumba la makumbusho ya viumbe na maumbile jijini humo, katika idara ya visukuku.

Alipokuwa huko, habari kutoka Afrika Mashariki zilianza kuwasumbua wanajiolojia wa Ulaya. Wasafiri Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walikuwa wamefika Ziwa Turkana mnamo 1888, na vipimo vyao vilionyesha mfululizo wa mabonde yenye kingo ndefu zilizosimama wima. Mwaka 1891, Eduard Suess, profesa wa Vienna ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hii, alichapisha hoja kwamba mabonde hayo hayakuchimbwa na mito. Yalikuwa mivunjiko mikubwa ya gamba la dunia.

Hoja ya Suess ilihitaji mtu wa kwenda kuyatazama mawe yenyewe. Nafasi ilijitokeza mwishoni mwa 1892, Gregory alipoalikwa kuwa mtaalamu wa maumbile katika msafara mkubwa uliokusudia kufika Ziwa Turkana. Msafara huo ulisambaratika kabla ya kwenda mbali. Wengine wangepanda meli na kurudi kwao. Gregory alibaki Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40, na mwezi Machi 1893 akashika njia ya bara.

Haifai kupuuza mchango wa wapagazi hao. Ndio waliobeba chakula, mahema na mawe aliyoyaokota. Ndio waliojua njia, maji na lugha. Bila migongo yao, kitabu kilichompa Gregory sifa kisingeandikwa.

Nairobi wakati huo haikuwa mji. Reli ingefika hapo miaka sita baadaye, mnamo 1899. Gregory aliteremka ukingo wa Bonde la Ufa, akapita Naivasha na kuelekea kaskazini hadi Ziwa Baringo. Kisha aligeukia Mlima Kenya, akaupanda hadi zaidi ya mita 4,500 na kuwa mwanasayansi wa kwanza kuifikia mito yake ya barafu. Kufikia Agosti mwaka huo alikuwa amerejea Mombasa.

Ugunduzi wake mkuu ulitokana na uangalifu wa kawaida. Aliona kwamba kingo za bonde zimeshuka kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na mwamba uliokatika kwa mstari mrefu. Maji ya mto huchimba bonde kwa kupindapinda, lakini mistari hii ilikwenda sambamba kwa masafa marefu. Gregory alikata shauri kwamba sakafu ya bonde ilikuwa imedidimia katikati ya nyufa mbili, kama kipande cha ubao kinachoanguka baada ya kukatwa pande zote mbili.

Mnamo 1896 alichapisha kitabu chake kuhusu Bonde Kuu la Ufa, na jina hilo likaenea duniani kote. Hadi leo, tawi la mashariki la bonde hilo, linalopita katikati ya Kenya, huitwa na wanasayansi kwa jina lake.

Karani wa zamani sasa alikuwa njiani kuelekea uprofesa. Mwaka 1900 alianza kufundisha jiolojia katika Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, na mwaka 1904 akahamia Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, ambako alifundisha kwa miaka 25. Mnamo 1919, akiwa na umri wa miaka 55, alirudi Kenya kuyachunguza upya yale aliyoyaona ujanani. Katika safari hiyo aliona zana za mawe za kale huko Olorgesailie, mahali ambapo akina Leakey wangeanza kuchimba katika miaka ya 1940.

Matunda ya safari ya pili yalikuwa kitabu cha 1921 kuhusu mabonde ya ufa na jiolojia ya Afrika Mashariki. Humo alieleza kwamba ardhi iliinuka kwanza kama tao la mlango. Baadaye tao hilo lilipoteza mhimili wake, na jiwe lake la katikati likaporomoka. Kwa maneno mengine, nyufa zilitokana na ardhi kutanuka.

Si wote waliokubaliana naye. E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda, alishikilia kwamba bonde la Ziwa Albert lilitokana na ardhi kubanwa kutoka pande zote mbili hadi kingo zikapanda juu ya sakafu. Bailey Willis wa Marekani aliunga mkono wazo la kubanwa mnamo 1936, na mwaka huohuo vipimo vya nguvu za uvutano vilivyochukuliwa Afrika Mashariki vilionekana kuliongezea uzito. Gregory alikuwa amekwisha kufariki na hangeweza kujitetea.

Mawe yenyewe ndiyo yaliyomtetea. Kuanzia miaka ya 1960, elimu ya mabamba ya gamba la dunia ilipokomaa, ilithibitika kwamba Afrika Mashariki inavutwa pande mbili. Siku hizi vyombo vya satelaiti hupima mwendo huo, ambao ni wa milimita chache kwa mwaka. Maelezo ya Gregory kuhusu chanzo cha kutanuka huko yamepitwa na wakati, lakini katika jambo la msingi alikuwa sahihi.

Ubishi huo wa maprofesa ungeweza kuonekana kuwa wa vitabuni tu, lau si mali iliyofichwa ndani ya nyufa zenyewe. Ardhi ikididimia kando ya ufa, hutokea shimo refu linalojaa maji na kuwa ziwa. Mimea na viumbe vya ziwani hufa, huzikwa kwenye tope, na kwa mamilioni ya miaka joto la chini hugeuza masalia hayo kuwa mafuta. Mafuta hupanda juu kupitia vinyweleo vya mawe ya mchanga na nyufa, hadi yanapokutana na kizuizi.

Hapo ndipo ufa unapokuwa na tabia mbili. Ufa ulio wazi ni barabara: hupitisha mafuta, maji na mvuke hata katika mwamba mgumu usio na vinyweleo. Ufa uliojaa udongo wa mfinyanzi, au ambao umesukuma mwamba usiopenyeka mbele ya mwamba wenye mafuta, ni ukuta. Wahenga walionya kuhusu ufa usiozibwa. Kwa wachimbaji wa mafuta, kujua ni upi umezibwa na upi uko wazi ndiyo tofauti ya kisima chenye mali na shimo tupu.

Jambo la ajabu ni kwamba Wayland, mpinzani wa Gregory, ndiye aliyechapisha mnamo 1925 taarifa kuhusu dalili za mafuta nchini Uganda. Ilichukua hadi 2006 kwa mafuta ya kiasi cha biashara kuthibitishwa katika bonde la Ziwa Albert. Nchini Kenya, kisima cha Ngamia 1 kilichochimbwa karibu na ufa mkuu wa bonde la Lokichar, Turkana, kilitoa habari njema mnamo Machi 2012. Shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ya Kenya iliondoka Mombasa Agosti 2019.

Mkazi wa Eastlands huenda hajawahi kuyaona mafuta ya Turkana, lakini nyufa za Gregory huingia nyumbani kwake kila jioni anapowasha taa. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, maji ya mvua hupenya ardhini kupitia mipasuko ya miamba ya volkeno, hupashwa moto na kurudi juu yakiwa mvuke. Mtambo wa kwanza wa umeme huo ulianza kazi mnamo 1981 ukiwa na uwezo wa megawati 15. Kisima kinachokosa nyufa huko hukosa mvuke, hata kama mwamba una moto mkali.

Hali ni hiyohiyo kwa maji. Mfereji unapokauka na mikokoteni ya mitungi kuanza kupita vichochoroni, mara nyingi maji hayo hutoka kwenye visima virefu. Maji ya chini ya ardhi ya Nairobi hukaa katika mashapo, katika nyufa za miamba na katika nafasi zilizoachwa kati ya uji mmoja wa volkeno na mwingine. Kupanga uchimbaji wa visima bila kuijua miamba hiyo ni kupiga ramli.

Hata hivyo, maisha ya Gregory hayapaswi kusimuliwa kama sifa tupu. Mtu aliyeyasoma mawe kwa haki hakuwasoma binadamu kwa haki hiyohiyo. Mnamo 1925 alichapisha kitabu kuhusu rangi za watu, ambamo alitetea kutenganishwa kwa jamii za wanadamu na kuonyesha hofu kwamba watu weusi na wa rangi nyingine wangewapiku weupe.

Fikra hizo hazikuwa zake peke yake, wala si yeye aliyezileta Nairobi. Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari inazitenda. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 Pumwani ilikuwa imetengwa iwe makao ya Waafrika, na baadaye zikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na Bahati. Upande wa mashariki wa mji ukawa wa vibarua, magharibi kukawa kwa mabwana. Ufa huo haukuchorwa na maumbile. Ulichorwa kwa kalamu ofisini, na alama yake ingali inaonekana.

Inasikitisha kwamba mtoto wa mashariki ya London, aliyejua maana ya kunyimwa nafasi kwa sababu ya mtaa na kipato, hakuiona dhuluma hiyo. Elimu ilimfungulia yeye mlango. Haikumfundisha kwamba mlango huohuo ulikuwa haki ya wale waliombebea mizigo.

Gregory alistaafu Glasgow mnamo 1929 lakini hakuacha kusafiri. Mwaka 1932 alikwenda Peru kuchunguza milima ya Andes. Juni 2, mashua yake ilipinduka katika Mto Urubamba, naye akafa maji akiwa na umri wa miaka 68. Aliacha vitabu takriban 20 na mamia ya makala za kisayansi.

Leo nyufa alizozichora zinafundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na wahandisi Wakenya ndio wanaochimba visima vya mvuke huko Olkaria. Sayansi iliyoanza kwa mgeni mmoja na wapagazi 40 sasa ina wenyewe. Lakini bado kuna kijana wa Kayole au Dandora anayefanya kibarua mchana na kufungua daftari usiku, asijue kama daftari hilo litamfikisha popote.

Historia ya karani wa minada ya sufu inaonyesha kwamba linaweza kumfikisha mbali. Inaonyesha pia kasoro ambayo kijana huyo anaweza kuirekebisha: kuisoma ardhi bila kuwasahau wanaoishi juu yake. Kwa mchongaji wa Njiru, anayeujua ufa wa jiwe kabla ya kuinua nyundo, nusu ya somo hilo si geni.