Docteur Julius Thomsen, aliyeandika ugonjwa wa jamaa yake

Ukiona mtu wa misuli mikubwa, unawaza huyu ana nguvu. Katika jamaa ya Julius Thomsen haikuwa hivyo. Munganga huyo alizaliwa mwaka wa 1815 katika jimbo la Schleswig, akatumika Kappeln. Kwao, mtu akitaka kusimama mbio, miguu inakauka, hatua ya kwanza inakataa. Akiendelea kutembea, pole pole inalegea.

Yeye mwenyewe alikuwa nao, na wengi wa ukoo wake, vizazi kwa vizazi. Alinyamaza miaka mingi. Kisha mwana wake akaitwa jeshini, Prussia. Wakasema anajifanya mgonjwa juu ya kukimbia kazi. Hapo baba akakata shauri: mwaka wa 1876 akaandika yote, aibu ya nyumba ikawa wazi.

Aliwaza chanzo ni akili. Hapo alikosea. Miaka ya 1990 wataalamu walipata jeni yenye kasoro: mlango wa kupitisha kloridi kwenye misuli haufunguki vizuri. Misuli inachelewa kulegea, na kwa kujikaza kila mara inanenepa.

Thomsen alifariki mwaka wa 1896. Ule ugonjwa ungali unaitwa kwa jina lake.