Felix Wankel, baba wa motere ya kuzunguka

Hapa Kolwezi hakuna asubuhi bila pikipiki. Watu wa kazi ya usiku wanatoka, wa asubuhi wanaingia, na wamanseba wanapenya katikati ya makamyo ya migodi. Ndani ya kila ile pikipiki pistoni inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Leo tunasimulia maisha ya mtu aliyekataa kule kupanda na kushuka. Yeye alitaka motere ambayo kitu cha ndani kinazunguka tu.

Felix Wankel alizaliwa tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka 1902, mjini Lahr, Ujerumani. Baba yake, mtumishi wa misitu, alikufa vitani 1914, na makuta ya masomo hayakuonekana. Mtoto hakuingia iniversite, hakupata diploma ya engeniere hata moja. Alifanya kazi kwa wauza vitabu kule Heidelberg, na kiisha kazi alijifungia katika ateliye yake ndogo. Macho yake yalikuwa mabaya sana. Mtu huyu wa mamotere hakupata kamwe ruhusa ya kuendesha gari. Hati yake ya kwanza ya motere ya kuzunguka ni ya mwaka 1929.

Upande wa giza hatuufichi. Tangu ujana alikuwa mtu wa chama cha Hitler. Aligombana na mkubwa mmoja wa chama, na 1933 akafungwa miezi kadhaa. Alipotoka aliifanyia kazi wizara ya ndege ya utawala uleule, na 1940 akapewa cheo katika SS, kisha 1942 akaondolewa. Vita ilipoisha, Wafaransa walibomoa ateliye yake ya Lindau na kumtia gerezani. Alitoka 1946, mikono mitupu, miaka yake zaidi ya 40.

Mwaka 1951 alianza kushirikiana na NSU, kiwanda kikubwa cha pikipiki. Kwanza aliwapa pampu ya kuzunguka, ya kusukuma hewa ndani ya motere. Mwaka 1956, kwenye uwanja wa chumvi wa Bonneville, Marekani, kapikipiki ka sentimita kyubu 50 tu kenye ile pampu kalipita kilomita 190 kwa saa. Njo pale wakubwa waliamini. Tarehe 1 mwezi wa 2 mwaka 1957 motere yake yenyewe iliwaka.

Lakini katika ile ya kwanza, hata nyumba ya motere ilizunguka; kubadilisha buji ilikuwa taabu. Engeniere wa NSU, Hanns Dieter Paschke, aliisimamisha nyumba, ikabaki kitu cha ndani peke yake kinachozunguka. Wankel alikasirika sana, akalalamika kwamba farasi wake wa mbio amegeuzwa farasi wa kulima. Pamoja na hayo, ile ya Paschke njo dunia nzima inaita Wankel.

Inafanya kazi hivi: kipande cha chuma cha pembe tatu kinazunguka ndani ya chumba chenye umbo la yai lililobanwa katikati. Kila ubavu unavuta esansi na hewa, unakamua, unawasha, unatoa moshi. Hakuna valvu, na mtikisiko ni kidogo sana. Ugonjwa uko kwenye zile pembe: kila moja ina kizibo chembamba kinachosugua ukuta bila kupumzika. Gari la NSU Ro 80 la mwaka 1967 liliharibiwa jina na vile vizibo, na 1969 NSU ikamezwa na Volkswagen. Wankel mwenyewe hakuanguka. Mwaka 1971 kampuni yake ya haki za motere iliuzwa kwa mamilioni 100 ya mark. Na mnunuzi alikuwa nani? Lonrho, kampuni ya Waingereza iliyotajirika kwa migodi ya Afrika.

Mwaka 1974 Hercules ya Ujerumani na Suzuki ya Japani zilitoa pikipiki za Wankel. Wanunuzi walikuwa wachache: zilikunywa esansi mingi na kuchemka. Norton ya Uingereza ndiyo ilivumilia. Iliwauzia polisi kwanza, kisha mfanyakazi wake Brian Crighton akaitengeneza ya mashindano, ya sentimita kyubu 588.

Wankel alikufa Heidelberg tarehe 9 mwezi wa 10 mwaka 1988, mbele ya kuona matunda. Mwaka uliofuata Steve Spray alikuwa bingwa wa Uingereza juu ya Norton hiyo. Na 1992, kisiwani Man, Steve Hislop alizunguka mara 6, kilomita 364 za barabara ya milima na vijiji, akamshinda Carl Fogarty wa Yamaha kwa sekunde 4 na kitu. Norton ilikuwa imengoja ushindi wa mbio ile kubwa tangu 1961.

Juu ya nini basi hatuioni hapa Kolwezi? Manseba anahesabu kila litre, na pistoni ikichoka, fundi wa kando ya barabara anaibadilisha siku ileile. Motere ya Wankel ilishinda mbio, lakini mkate wa kila siku umebaki kwa ile anayopanda na kushuka, ile aliyoikataa.