Bwana Nyama wa kwanza na pori la Biharamulo

Yuko mbung'o katika nchi yetu aliyepewa jina la mtu. Wataalamu wa wadudu humwita Glossina swynnertoni, na makao yake ni nyika za Shinyanga, Maswa na Serengeti hadi kusini mwa Kenya. Mwenye jina hilo ni Charles Francis Massy Swynnerton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1877 na kufariki mwaka 1938, naye ndiye aliyekuwa Bwana Nyama wa kwanza wa Tanganyika. Twamweleza leo kwa sababu habari za wilaya za Biharamulo na Ngara haziwezi kusimuliwa sawasawa bila kumtaja mbung'o, na vita vya nchi hii dhidi ya mbung'o haviwezi kusimuliwa bila kumtaja bwana huyu. Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba mambo haya ni ya watu wa bara peke yao. Tutafika kwao.

Hatuna nia ya kumtukuza. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, akala mshahara wake na kuzitii amri zake. Lakini elimu haikataliwi kwa sababu ya mkono ulioileta, na elimu ya Swynnerton, kama tutakavyoona, sehemu yake kubwa aliipata kwa Waafrika.

Baba yake alikuwa kasisi katika India. Mwenyewe aliingia Afrika mwaka 1897, kijana wa miaka ishirini hivi, na kuanzia mwaka 1900 akawa msimamizi wa shamba moja kubwa kandokando ya msitu wa Chirinda, mahali ambapo leo ni mashariki ya Zimbabwe karibu na mpaka wa Msumbiji. Hakuwa na shahada ya sayansi ya wadudu. Alikuwa mkulima. Saa zilizobaki baada ya kazi za shamba alizitumia kukusanya mimea, ndege na vipepeo. Alifuga ndege, akawalisha vipepeo wa kila namna, akaandika ni yupi aliyeliwa na yupi aliyetemwa, na kazi hiyo akaifanya kwa miaka. Kuna ndege mdogo wa misituni mwenye jina lake pia, ambaye huonekana hata katika milima yetu ya Usambara na Udzungwa.

Shamba lile liliitwa Gungunyana, jina la mfalme wa mwisho wa dola ya Gaza. Mwaka 1918 Swynnerton alivuka mpaka kuchunguza mbung'o katika nchi ya Mossurize, na huko wazee wakamweleza habari za Mzila, baba yake Gungunyana. Mzila aliikuta nchi imejaa mbung'o, na ng'ombe hawaishi. Aliwaamuru watu wake wakae karibu karibu, wakafyeka vichaka, wakalima, wakawinda wanyama wa pori na kuchoma nyasi kwa wakati uliopangwa. Baada ya miaka kadhaa mbung'o alirudi nyuma na ng'ombe wakalishwa mahali palipokuwa pori tupu. Kisha mwaka 1889 Gungunyana akahamia kusini na umati mkubwa wa watu. Mashamba yakamea miti, na mbung'o akarudi kwake.

Swynnerton aliyaandika hayo katika taarifa iliyochapishwa mwaka 1921, na kwa maoni yetu hakuandika tena jambo lenye maana kuliko hilo. Wataalamu wengi wa zama zake walidhani kuwa pori ndiyo hali ya asili ya Afrika, na Mwafrika ni mpangaji tu ndani yake. Yeye aliona kwamba pori lile lilikuwa na tarehe. Lilianza siku watu walipoondoka.

Alipoletwa Tanganyika mwaka 1919 kuanzisha Idara ya Wanyamapori, aliikuta nchi iliyoondokewa na watu. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imeteketeza ng'ombe. Vita vya 1914 hadi 1918 vilichukua wanaume kuwa wapagazi, na njaa ikafuata nyuma yao. Pori lilikuwa limesonga hadi milangoni mwa vijiji. Cheo chake kilimtaka awalinde wanyama, hali wanyama haohao ndio waliomlisha mbung'o damu. Huko Rhodesia ya Kusini serikali ilikwisha shika njia ya kuwapiga wanyama risasi kwa maelfu. Swynnerton aliiona njia hiyo kuwa haitoshi, akasema adui ashambuliwe kwa kumwondolea kivuli anachokitegemea.

Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa. Haya si yale ya polepole yaliyowamaliza watu wa pwani ya ziwa Uganda, bali ni malale ya nyika, yanayoweza kuua kwa miezi michache. Swynnerton aliweka kambi Shinyanga, na watemi wakawaita watu wao. Maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka yao, wakafyeka vichaka, na moto ukawashwa mwishoni mwa kiangazi nyasi zikiwa zimekauka kabisa ili uchome kwa nguvu. Vitabu vingi huihesabu kazi hiyo kuwa yake. Sisi twakumbusha kwamba kazi ya pamoja ilikuwa desturi ya Usukuma kabla hajazaliwa, na shoka hakulishika yeye.

Mwaka 1929 alikabidhiwa uongozi wa utafiti wa mbung'o, makao yakiwa Shinyanga, na mwaka 1936 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki, kurasa zipatazo mia sita. Miaka miwili baadaye, mwezi Juni 1938, ndege aliyopanda ilianguka. Alikufa yeye na Bernard Burtt, bwana mimea wa kituo chake.

Sasa tuje Biharamulo. Watu wa wilaya hiyo walikuwa wakikaa mbalimbali katika miyombo, mji mmoja hapa na mwingine mwendo wa saa nyingi, na wengi waliishi kwa kilimo kidogo, mizinga ya nyuki na uwindaji. Malale yalipowafikia, serikali iliwakusanya katika makazi maalumu, kwa mpango uliosimamiwa na waganga, mkuu wao akiwa Dokta George Maclean. Faida ilikuwapo, wala hatutaificha. Dresa aliweza kuwafikia wagonjwa wote kwa miguu, akawapima na kuwawahisha sindano, nayo dawa ya wakati huo ilimfaa zaidi mgonjwa aliyeletwa mapema. Madresa hao, vijana wa Kiafrika wenye sanduku la chupa begani, hawakupewa jina la mdudu wala la ndege.

Lakini tazameni jinsi fundisho la Mzila lilivyogeuzwa. Mzila aliwapeleka watu wakaishike nchi. Serikali ya kikoloni iliwatoa watu ikaiacha nchi mikononi mwa mbung'o. Wahamishwaji waliacha makaburi, mashamba na mizinga yao, wala hawakuulizwa. Walikotoka pakawa pori, pori likawa hifadhi ya wanyama, na mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilometa za mraba 4,700. Mgeni anayeingia humo leo huambiwa anaona Afrika isiyoguswa na mtu.

Watu wa visiwani wanalifahamu jambo hili bila mwalimu. Wenzao wa Sese walihamishwa bara na serikali ya Uganda mnamo mwaka 1909 kwa sababu ya malale, na visiwa vyao vikaota msitu. Rubondo ilifanywa hifadhi mwaka 1965 na wavuvi wake wakaondolewa. Mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa.

Ngara nayo ina ushahidi wake. Milima ya Bugufi, iliyojaa watu na migomba, haina nafasi ya mbung'o wa nyika. Ila mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kwa mamia ya maelfu, miti ilikatwa kwa kuni na vilima vya Benaco vikabaki uchi. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa mwaka 1996. Pale palifyekwa pori kuliko mahali pengi alipopata kufyeka Swynnerton, lakini hakubaki mkulima wa kuishika ardhi, na vichaka vikaanza upya.

Twapenda maofisa wa ardhi na wa wanyamapori wa wilaya hizi mbili, kila wanapokaa kutazama ramani ya mipaka ya hifadhi, wawe na ramani ya pili mezani: ile ya vijiji vilivyohamishwa, pamoja na majina yake na mwaka kila kimoja kilipohama. Majalada ya zamani yatafutwe, na wazee waitwe wataje mengine.