Fryderyk Chopin, Mpiga Piano wa Warszawa

Katika nchi ya Polandi, huko Ulaya, kuna kijiji kiitwacho Żelazowa Wola. Hapo mwaka 1810 alizaliwa mtoto, akabatizwa jina Fryderyk. Jina la ukoo wake ni Chopin, nalo husomwa Shopeni, kwa kuwa baba yake alikuwa Mfaransa. Baba huyo, Nicolas, alifika Polandi akiwa kijana, akapapenda, akaoa huko. Mkewe aliitwa Justyna. Mtoto hajatimiza mwaka, wazazi wakahamia mji wa Warszawa, na baba akapata kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule kubwa ya wavulana.

Siku zile Polandi haikuwa na uhuru. Mataifa matatu ya jirani yalikuwa yameigawanya kama wawindaji wagawanyavyo nyama, na tangu mwaka 1815 Warszawa ilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi. Shikeni neno hili, maana tutalirudia.

Nyumbani mwa Chopin kulikuwa na piano. Piano ni kinanda kikubwa chenye nyuzi nyingi ndani yake; mtu akibonyeza kibao, nyundo ndogo huinuka na kuupiga uzi. Mama alijua kuipiga, na dada mkubwa, Ludwika, vilevile. Fryderyk naye akapanda kitini. Alipokuwa na miaka sita akapewa mwalimu, mzee Wojciech Żywny. Mzee huyu aliwachekesha watoto, kwa sababu alivaa nywele za bandia za rangi ya manjano, na nguo zake zilinuka ugoro. Tena yeye hasa alikuwa mpiga fidla, si mpiga piano. Lakini alikuwa na busara ambayo walimu wengi hawana: alipoona vidole vya mtoto vinatafuta njia yao vyenyewe, aliviacha vipite. Mwaka 1817 Fryderyk alikwisha kutunga muziki wake mwenyewe, na padri mmoja wa Warszawa akauchapa. Mtunzi alikuwa na miaka saba.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari 1818, watu wa chama cha kusaidia maskini walifanya tamasha ili kukusanya fedha. Wakamwomba Fryderyk apige koncheto. Koncheto ni nini? Ninyi watoto wa Nyakasanza mmesikia kanisani jinsi mtu mmoja anavyoimbisha na kundi zima likamwitikia. Koncheto ni vivyo hivyo, ila hakuna anayeimba. Mpiga piano mmoja yuko mbele, na nyuma yake wako wapigaji wengi wa fidla, filimbi na tarumbeta. Mara yeye husema peke yake kwa vidole vyake, mara wote humjibu kwa pamoja, mara huendelea naye polepole. Akikosea yeye, watu wote husikia. Hana mahali pa kujificha.

Koncheto ile ilitungwa na mtu mzima, Gyrowetz, kwa vidole vya watu wazima. Fryderyk alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Akavalishwa koti fupi na kola nyeupe pana, akapanda, akapiga mpaka mwisho. Ukumbi ukajaa vifijo. Inasimuliwa kwamba mama yake, ambaye hakuwapo, alimwuliza baadaye watu walipendezwa na nini zaidi, na mtoto akajibu kwamba walipendezwa na kola yake.

Tangu siku ile wakubwa wa mji walipeleka magari yao kumchukua akapige nyumbani kwao. Mwaka 1825 Kaisari wa Urusi mwenyewe alimsikiliza, akampa pete ya almasi. Lakini Fryderyk alibaki mwanafunzi kama wengine, tena mwenye kupenda mzaha. Siku za Dominika alipiga kinanda cha kanisa wakati wa Misa ya wanafunzi, na aliionea fahari kazi hiyo. Baada ya shule alisoma utungaji wa muziki kwa mwalimu Józef Elsner.

Tarehe 17 Machi 1830, akiwa na umri wa miaka 20, alisimama mbele ya watu wa Warszawa na koncheto aliyoitunga mwenyewe. Viti vyote vilijaa. Hata hivyo wengine walinung'unika, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na piano yake ilikuwa na sauti ndogo. Watu wa nyuma hawakusikia vizuri. Chopin hakupenda kupiga kwa nguvu. Siku tano baadaye alipiga tena, safari hii kwa piano yenye sauti kubwa iliyoazimwa kwa jenerali mmoja Mrusi, na wote wakasikia. Mwezi Oktoba akapiga koncheto yake ya pili.

Tarehe 2 Novemba 1830 akaondoka kwenda kutafuta maisha katika nchi nyingine. Mahali paitwapo Wola, nje ya mji, Elsner na wanafunzi wake walimngoja njiani, wakamwimbia wimbo ambao mwalimu alikuwa ameutunga kwa ajili ya kumwaga. Hakuna aliyejua kwamba hatarudi. Kabla mwezi haujaisha, Wapolandi walishika silaha kumfukuza Kaisari. Walipigana karibu mwaka mzima, wakashindwa. Habari za kuanguka kwa Warszawa zilimkuta Chopin ugenini, katika mji wa Stuttgart, akaingiwa na uchungu mkubwa. Kisha akaenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, na huko alikaa miaka yake yote iliyobaki. Alifundisha piano na kutunga. Mara chache tu alikubali kupiga mbele ya watu wengi. Miziki mingi aliyotunga huko ilikuwa mazurka na polonezi, yaani ngoma za kwao.

Kifua chake kilikuwa kibovu tangu ujana. Mwaka 1849 ugonjwa ulizidi, na dada yake Ludwika akasafiri kutoka Warszawa kuja kumwuguza. Chopin alikufa tarehe 17 Oktoba, akiwa na miaka 39. Mwili wake ukazikwa Paris. Lakini yeye alikuwa ameomba moyo wake urudishwe nyumbani. Basi moyo ukatolewa, ukatiwa katika chupa yenye pombe kali usioze, na Ludwika akausafirisha. Inasimuliwa kwamba aliuficha ndani ya mavazi yake asije akakamatwa na walinzi wa mpakani. Sasa umo ndani ya nguzo ya Kanisa la Msalaba Mtakatifu, Warszawa. Wakati wa vita, mwaka 1944, uliondolewa humo. Tarehe 17 Oktoba 1945 ukarudishwa.

Tangu mwaka 1927 Warszawa huita vijana wapiga piano kutoka nchi nyingi kuja kushindana, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano. Wanaofika mwisho hupiga koncheto ya Chopin, mmoja mmoja, na kundi la wapigaji nyuma yao. Mashindano hayo hufanyika mwezi Oktoba. Ikifika tarehe 17, piano hufungwa, hakuna anayeshindana, na watu huenda katika kanisa lile lenye nguzo.