Robert Felkin, tabibu aliyeushuhudia upasuaji wa Bunyoro mwaka 1879

Mama wa Gatete anayejifungua kwa upasuaji leo huenda akadhani kwamba kazi hiyo ililetwa na wageni katika eneo letu la Maziwa Makuu. Maisha ya Mwingereza Robert Felkin yanatoa ushahidi tofauti.

Felkin alizaliwa mwaka 1853 huko Beeston, Uingereza. Alisomea utabibu mjini Edinburgh, lakini kabla ya kuhitimu alitumwa Buganda na shirika la kimisionari la CMS, akipitia njia ya mto Nile. Aliwasili kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza Februari 1879, akamtibu maradhi yake, na baada ya miezi michache akaondoka.

Mwaka huo huo, mahali paitwapo Kahura katika Bunyoro, alimwona mwanamke wa miaka kama 20, mwenye mimba ya kwanza, amelazwa kitandani na kunyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa kiasi. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaliosha nayo tumbo la mgonjwa, kisha akalipasua kutoka juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Penye kuvuja damu palichomwa kwa chuma cha moto. Mtoto na kondo la nyuma vilipokwisha kutolewa, mji wa mimba ulikandwa mpaka ukasinyaa.

Lililofuata ndilo la kuangaliwa sana. Wasaidizi walimgeuza mama ili majimaji yaliyosalia tumboni yamwagike chini. Damu na uchafu vikituama ndani ya nyonga huweza kuoza na kuwa jipu la usaha, nalo huua. Jeraha lilifungwa kwa misumari saba ya chuma iliyozungushiwa kamba ya gome la mti, likapakwa mizizi iliyotafunwa, likafunikwa jani la mgomba. Kila lilipofunguliwa, usaha kidogo uliotokea ulifutwa. Siku ya 11 lilikuwa limepona, na mama alikuwa mzima pamoja na mwanawe.

Ikumbukwe kwamba miaka mitatu tu kabla ya hapo, Edoardo Porro wa Italia aliamua kuukata mji wa mimba wenyewe, kwa kuwa akina mama wengi wa Ulaya waliopasuliwa walikufa kwa kuvuja damu na kwa usaha.

Januari 1884 Felkin aliwasomea madaktari wa uzazi wa Edinburgh habari hiyo, ikachapishwa pamoja na michoro. Michoro inaonyesha hata umbo la kisu. Jina la mpasuaji halimo, na hiyo ni hasara kubwa kwetu.

Baadaye alifundisha maradhi ya nchi za joto mjini Edinburgh, kisha akavutwa na vyama vya siri vya elimu ya mizungu. Mwaka 1916 alihamia New Zealand, akafariki huko Havelock North mwaka 1926.