Annie Besant: Mahakama ilimnyima mtoto, wapiga kura wakampa shule

MWAKA 1878 mahakama mjini London iliamua kwamba Annie Besant hafai kumlea binti yake Mabel, ambaye alikuwa hajatimiza miaka minane. Miaka kumi baadaye, wapiga kura wa eneo maskini la jiji hilo hilo walimchagua awe msimamizi wa elimu ya watoto wao.

Mwanamama huyo alizaliwa London Oktoba 1, 1847 kwa jina la Annie Wood, katika familia yenye asili ya Ireland. Alipokuwa na miaka mitano baba yake alifariki dunia. Mama yake alijikimu kwa kuwapa malazi wanafunzi wa shule ya Harrow, na Annie akachukuliwa na rafiki wa familia, Ellen Marryat, aliyemsomesha.

Akiwa na miaka 20 aliolewa na mchungaji Frank Besant, wakapata watoto wawili, Digby na Mabel. Lakini alianza kutilia shaka mafundisho ya Kanisa, na mwaka 1873 wakatengana. Digby alibaki na baba, Mabel akaenda na mama.

Mwaka 1877 yeye na Charles Bradlaugh walichapisha upya kijitabu kuhusu uzazi wa mpango, wakashitakiwa na kupatikana na hatia. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa, lakini mumewe aliutumia mkasa huo, pamoja na msimamo wake wa kutoamini dini, kumnyang'anya Mabel.

Wakati huo mwanamke wa Uingereza hakuruhusiwa kupiga kura ya ubunge. Hata hivyo, sheria ya elimu ya 1870 ilianzisha bodi za shule zilizochaguliwa kila baada ya miaka mitatu, na wanawake waliruhusiwa kugombea. Katika uchaguzi wa kwanza wa Bodi ya Shule ya London, daktari Elizabeth Garrett alizoa kura zaidi ya 47,000 eneo la Marylebone, akiwaacha mbali wanaume wote.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa aina yake. Kila mpiga kura alikuwa na kura sawa na idadi ya viti vya eneo lake, na aliweza kuzimimina zote kwa mgombea mmoja. Hivyo hata kundi dogo, likishikamana, liliweza kumwingiza mtu wake.

Mwaka 1888 Besant aliandika gazetini juu ya mateso ya wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant and May, mashariki mwa London. Julai mwaka huo wafanyakazi wapatao 1,400 waligoma, naye akasimama nao hadi madai yao makuu yakakubaliwa. Miezi michache baadaye aligombea eneo la Tower Hamlets, akaibuka wa kwanza kwa kura zaidi ya 15,000.

Ndani ya bodi alipigania chakula cha bure kwa watoto wenye njaa, uchunguzi wa afya shuleni na kufutwa kwa ada. Mwaka 1889 bodi ilikubali kwamba makandarasi wake wawalipe mafundi ujira wa haki. Mwaka 1891 sheria mpya iliziwezesha shule nyingi za msingi za England kufuta ada.

Mwaka huo huo hakutetea kiti chake, kwani alikuwa ameingia katika imani ya theosofia. Alihamia India 1893, akaanzisha chuo Benares mwaka 1898, na mwaka 1917 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha Indian National Congress. Alifariki Adyar, Madras, Septemba 20, 1933, akiwa na miaka 85.

Kiti cha bodi alikikalia muhula mmoja tu. Lakini waliompa walikuwa watu wanaojua uchungu wa kumpeleka mtoto shule bila kifungua kinywa, na kwao hukumu ya mahakama haikuwa kizuizi. Nao Digby na Mabel, walipofikia utu uzima na kuweza kujiamulia, walirudi kwa mama yao.