Farijala na damu iliyoganda

Tarehe 8 Novemba 1867, David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, alifika Ziwa Mweru, kisha akafuata ufuo wa mashariki, ulipo leo mji wa Nchelenge, hadi kwa Mwata Kazembe. Alikuwa tabibu aliyehitimu Glasgow mwaka 1840, lakini dawa hakuwa nazo: mapema mwaka huo wapagazi waliotoroka walikuwa wamechukua sanduku lake.

Miaka iliyofuata tumbo ndilo lililomtesa zaidi. Aliharisha, akatokwa na damu nyingi kwenye haja kubwa, hata hakuweza tena kutembea. Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watumishi wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda.

Susi na Chuma waliazimu kuupeleka mwili pwani. Kuupasua kulimwangukia Farijala, kwani huko Zanzibar aliwahi kumtumikia daktari na kuona maiti zikichunguzwa. Upande wa kushoto alikuta bonge la damu iliyoganda, kubwa kama mkono wa mtu, akawaonyesha wenzake.

Damu hiyo ilitoka wapi? Daktari wa leo, miongoni mwa mambo mengine, angeuliza habari za mshipa mkuu wa damu upitao tumboni. Ukuta wake ukilegea hutuna, damu huweza kuganda ndani ya uvimbe, na ukipasuka mgonjwa huweza kufa kwa muda mfupi. Kipimo cha ultrasaundi huuonyesha uvimbe mapema, na mabingwa huweka mshipa mbadala, kazi ambayo Charles Dubost aliifanikisha Paris mwaka 1951. Hata hivyo, kumbandika Livingstone ugonjwa huo ni kukisia tu. Mshipa wenyewe haukuchunguzwa, na maradhi yake ya matumbo yalikuwa ya muda mrefu.

Moyo ulizikwa papo hapo, Jacob Wainwright akisoma sala. Mwili ulikaushwa juani kwa chumvi, ukabebwa hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874. Huko London ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa zamani na simba, ukazikwa Westminster tarehe 18 Aprili.

Baadaye Susi na Chuma walialikwa Uingereza kusaidia kuhariri shajara za marehemu. Ni kwa masimulizi yao kwamba alichokiona Farijala kiliandikwa kitabuni.